Tairi la Nne

Wilaiwan ameegesha pikapu mbele ya duka
la Hia Kuang, njia panda ya Huai Yot,
na kabla injini haijanyamaza
ameshaisoma bei usoni mwa mwenye duka:
uso wa mtu anayepangusa kaunta iliyo safi.

"Mwaka jana," anasema, "ulinipa manne kwa pesa hizi."
"Mwaka jana," anajibu Hia Kuang,
"ulikuwa mwaka jana."

Sarafu ya huku ni bahti.
Imepungukiwa irabu moja tu kuwa bahati,
na irabu hiyo Wilaiwan bado anaitafuta.

Basi amwambie kwa nini.

Hia Kuang anavuta kiti cha plastiki,
anahesabu kwa kugonga bisibisi gotini:
mafuta ghafi yamepanda, na weusi wote huu wa tairi
ni masizi ya mafuta, dada yangu, si rangi;
waya wa chuma ulio ndani umepanda;
meli zinazunguka mbali, nauli ya kontena
inaikaribia thamani ya kilichomo;
na haya magari ya umeme, mazito, yasiyo na sauti,
yanamaliza tairi kama mbuzi kwenye mchicha.
"Halafu," anashusha sauti kama anayetaja mgonjwa,
"mpira wenyewe umeadimika."

Hapo Wilaiwan anacheka.
Kicheko kifupi, cha puani.

Mpira!
Anauambia nani?
Saa nane usiku, taa kichwani, mbu masikioni,
kisu kilichopinda kinavua gome
ukanda mwembamba kama ganda la kitunguu:
ukikata juu juu hupati kitu,
ukizamisha umeujeruhi mti, na mti haukusahau.
Tone. Tone. Kikombe.
Mgema huyu hakusifiwa na mtu,
lakini maji yaliingia vilevile:
mvua ilinyesha usiku baada ya usiku,
utomvu ukafurika, ukawa uji mweupe mashinani.
Kisha majani yakashika madoa ya duara
kama yamezimiwa sigara,
yakapukutika si msimu wake.
Mti usio na majani ni ng'ombe asiye na malisho;
utamkamua nini?
Jirani yake Thongbai alichoka kungoja,
akaangusha miti mia tatu, akapanda duriani.
Mpira hutaka miaka saba kabla ya tone la kwanza.
Benki haina moyo huo.

"Umeadimika," anasema Wilaiwan. "Sawa.
Kilo yangu imepanda kidato kimoja.
Tairi lako limepanda ngazi nzima.
Hivyo vidato vingine, Hia, kakanyaga nani?"

Hia Kuang anaitazama bisibisi.
"Mimi pia nanunua," anasema,
na ni kweli: ukutani, orodha ya bei
imebandikwa juu ya orodha ya bei
juu ya orodha ya bei,
unene wake sasa ni kama gome.

Ananunua matatu.
La nne, kijana wa karakana, Anuwat,
analitoa nyuma ya kompresa, limeshatumika,
analikwaruza kwa ukucha. "Meno bado yapo, mama."
Hia Kuang anageuza uso upande
ili asilazimike kutaja bei yake.

Kabla hawajalifunga lile jipya la kwanza
Wilaiwan anainama, analinusa.
Chini ya harufu ya duka anatafuta ile nyingine,
siki na moshi, mashuka ya mpira yakikauka kwenye kamba,
harufu ambayo mumewe hudai
haitoki hata kwenye mito ya kulalia.
Haipo.
Au ipo, ya miti ya mtu mwingine.

Njiani pikapu inavuta kushoto kidogo,
upande wa tairi kuukuu,
naye anaushika usukani kinyume
kama atembeaye na mtu mwenye kigugumizi cha mguu.
Kwenye kona ya pili, kioo kinapokea
tone, tone.
Anawasha vifuta-maji.
Leo basi atalala hadi asubuhi.